Wapangaji Wawili

Benaco, katika wilaya ya Ngara, ni mahali pa kupitia. Malori yatokayo pwani huingia Kagera kwa njia ya Biharamulo, hupanda na kushuka vilima vya nyasi, na hapo Benaco hugawana njia: mengine hushika barabara ya Ngara na Kabanga kwenda Burundi, mengine huteremka hadi Rusumo, ambako mto Kagera huporomoka gengeni na daraja huunganisha Tanzania na Rwanda. Jina lenyewe si la Kihangaza wala la Kishubi. Husemekana kwamba liliachwa na kampuni ya kigeni iliyojenga barabara, nayo ikaenda zake na kuacha jina nyuma, kama msafiri aliyesahau kofia.

Mwishoni mwa Aprili 1994 jina hilo lilienea ulimwenguni. Kwa muda wa siku moja hivi, baina ya tarehe 28 na 29, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halikuwahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa haraka namna ile. Penye daraja walinzi wa Tanzania waliwaamuru waweke chini silaha, na pakawa na chungu za mapanga, mikuki na marungu. Kisha watu wakapanda kilima na kwenda Benaco, wakapewa maturubai, mahindi na maharage.

Msomaji wa visiwani aliyekulia katika hadithi za marehemu Muhammed Said Abdulla anajua namna kisa cha mauaji kinavyopaswa kwenda. Maiti moja hukutwa mzimuni, washukiwa huwa wengi, na Bwana Msa na kiko chake hupambanua ukweli na uongo hata muuaji akabaki peke yake. Mambo ya Benaco yalikwenda kinyume. Maiti walikuwa maelfu kwa maelfu, wakishuka na maji ya Kagera hadi Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wa pwani ya Uganda walifanya kazi ya kuwaopoa na kuwazika, na watu wakaogopa kula samaki. Ama wauaji, hawakuhitaji mpelelezi. Walijulikana kwa majina na kwa sura, nao walikuwa wamekaa foleni moja na wengine wote wakingoja chakula. Au tuseme kweli zaidi: baadhi yao hawakukaa foleni, kwa kuwa foleni ilikuwa yao.

Wakimbizi walikuwa wamekuja kwa mpango. Walivuka kwa komyuni zao, yaani sehemu za utawala za Rwanda ya wakati ule, kila moja na meya wake, na kambini wakakaa vivyo hivyo. Mashirika ya misaada, yenye watu wengi mno wa kulisha na muda mchache mno wa kufikiri, yaliona wepesi kuutumia uongozi uliokuwapo. Basi yule aliyekuwa na orodha ya watu wake huko nyumbani akawa na orodha ya watu wake huku ugenini. Watu wa Rusumo, komyuni iliyopakana na daraja, walikuwa na meya wao Sylvestre Gacumbitsi. Mwandishi wa BBC, Fergal Keane, alimkuta Benaco katikati ya watu wake, akamwuliza kuhusu yaliyotendeka parokia ya Nyarubuye. Gacumbitsi akakana. Keane alikuwa amekwisha kufika Nyarubuye, akaona maiti zilivyolala uani na ndani ya kanisa. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1995, Season of Blood.

Hakuwa peke yake kambini. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, naye alikuwa Benaco. Katikati ya Juni 1994 ilipojulikana kwamba anataka kuondolewa, umati wenye mapanga na marungu uliwazingira wafanyakazi wa misaada, na kwa siku kadhaa wengi wao hawakuthubutu kuingia kambini. Gatete alikuja kukamatwa mwaka 2002, nchini Kongo-Brazzaville, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari na ya kuangamiza umma. Mwaka uliofuata rufaa ikampunguzia hadi miaka 40, kwa sababu kesi yake ilikuwa imecheleweshwa isivyo haki. Katika hati yake ya mashtaka lilikuwamo pia shtaka la ubakaji. Hilo aliachiwa. Majaji hawakusema kwamba wanawake hawakubakwa. Walisema haikuthibitishwa kuwa yeye ndiye wa kubeba dhamana ya vitendo hivyo. Tofauti ya kauli hizo mbili mwanasheria huiona kwa jicho moja. Mwanamke aliyesafiri kutoka kijijini kwake hadi Arusha kwenda kueleza aliyotendwa huiona kwa jicho jingine.

Na wanawake wa Benaco wenyewe? Wako katika kila picha ya kambi ile: mtoto mgongoni, ndoo kichwani, kuni begani. Kuni zilikuwa mtihani. Vilima vilivyozunguka kambi vilinyolewa upesi, na kadiri miti ilivyosogea mbali ndivyo mwanamke alivyotembea peke yake zaidi. Kwamba vichakani walikuwapo wanaume wa kuwavizia ni jambo lililojulikana katika kambi zote za magharibi ya Tanzania. Shirika la Human Rights Watch lilikuja kuandika mwaka 2000 taarifa nzima juu ya wakimbizi wa Kirundi waliokuwa wakibakwa wakitafuta kuni na kupigwa na waume zao ndani ya mahema. Kambini aliyekosewa alitakiwa kwanza apeleke neno kwa wakubwa wa watu wake, na mara nyingine aliyekosa alikuwa na jamaa miongoni mwa wakubwa hao.

Serikali ya Tanzania iliamuru wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwisho wa mwaka 1996. Desemba mwaka huo jeshi na polisi waliwasukuma kuelekea daraja lile lile walilolijia, na Benaco ikabaki majivu, mashimo ya vyoo na makaburi. Waliokuwa na sababu ya kutorejea walijipenyeza kwingine.

Wakati huo kule Arusha mahakama ilikuwa imekwisha kuundwa, kwa azimio namba 955 la Baraza la Usalama la tarehe 8 Novemba 1994. Ilipoanza kazi haikuwa na habari nyingi na wanawake. Mashtaka ya kwanza dhidi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, hayakutaja ubakaji hata kidogo. Ni shahidi mmoja mwanamke, akijibu maswali juu ya jambo jingine, aliyesema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee barazani, na wenzake wawili walidadisi, mashtaka yakarekebishwa Juni 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu iliyotamka kwa mara ya kwanza ulimwenguni kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari.

Hukumu hiyo ina kurasa chache zinazompasa kila mfasiri kuzisoma. Majaji walilazimika kueleza maneno ya Kinyarwanda waliyoyatumia mashahidi, maana yalikuwa manne: gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu. Wakalimani waliyageuza mara hivi mara vile, na mahakama ikaona bora ieleze kila moja lina uzito gani. Mswahili hana haja ya kamusi kubwa hapa. Gufata ku ngufu anaisikia: ni kukamata kwa nguvu. Kuryamana pia anaisikia, na hapo ndipo penye mwiba. Ni kitenzi chenye kiambishi cha kutendana, kama vile kupendana na kupigana kwetu. Watu wawili hulala, kila mmoja na mwenzake. Mwanamke mwenye haya, aliyelelewa asitaje yasiyotajika mbele ya wanaume, husema walilala naye, au hata walilalana, na sarufi humfanya mshirika katika dhuluma aliyofanyiwa. Kiswahili nacho hakina cha kujivunia. Kunajisi humtia uchafu aliyetendwa, kuingilia hunong'ona, na kubaka, lililo wazi kuliko yote, wazee wengi hawalitamki barazani hadi leo.

Kwamba Arusha palikuwa mahali pazito kwa mashahidi hao si siri. Oktoba 2001, katika kesi ya Butare, majaji walionekana wakicheka wakati mwanamke aliyebakwa akihojiwa na wakili wa utetezi. Walieleza kuwa hawakumcheka yeye bali maswali ya wakili. Vyama vya manusura vya Ibuka na Avega, hiki cha pili kikiwa cha wajane, vilisitisha ushirikiano na mahakama mwezi Januari uliofuata. Mwanasheria wa Kenya, Binaifer Nowrojee, aliyekuwa amekusanya maneno ya wanawake wa Rwanda tangu mwaka 1996, aliandika baadaye kwamba haki ya Arusha ilikuwa ikienda polepole mno kwa wanawake waliokuwa wakifa kwa UKIMWI wakati mshtakiwa anapewa dawa.

Gacumbitsi alikamatwa tarehe 20 Juni 2001 katika kambi ya Mkugwa, mkoa wa Kigoma. Miaka saba alikuwa ameishi Tanzania kama mkimbizi. Kesi ilifunguliwa tarehe 28 Julai 2003, na haikuwa ndefu: hukumu ilisomwa tarehe 17 Juni 2004 na majaji Andrésia Vaz wa Senegali, Jai Ram Reddy wa Fiji na Sergei Egorov wa Urusi.

Waliyoyaona kuwa yamethibitika ni haya. Tarehe 10 Aprili 1994 meya alipokea masanduku ya silaha katika kambi ya jeshi ya Kibungo. Tarehe 14 alizunguka vituo vya biashara akiwahimiza Wahutu wachukue mapanga. Tarehe 15 alikuwa Nyarubuye, ambako Watutsi wengi walikuwa wamekimbilia kanisani. Aliwataka Wahutu waliokuwamo wajitenge, kisha yeye mwenyewe akamkata panga Mtutsi mmoja, na hiyo ikawa ishara ya kuanza. Kesho yake mauaji yaliendelea.

Tarehe 16 hiyo ndiyo inayohusu wanawake. Meya alipita na gari akiwa na kipaza sauti. Aliwaambia vijana wa Kihutu ambao wasichana wa Kitutsi walikuwa wamewakataa ndoa kwamba sasa wakawaingilie, na atakayepinga auawe kifo kibaya. Shahidi mmoja, ambaye hukumu inamtaja kwa herufi tatu tu, alikuwa mafichoni karibu na njia, akayasikia maneno. Mara baada ya hapo yeye na wanawake na wasichana wengine saba waliangukia mikononi mwa washambuliaji. Waliyotendwa yameandikwa katika hukumu na hayana haja ya kurudiwa hapa. Kwa hao wanane, mahakama ilimtia Gacumbitsi hatiani kwa ubakaji, kwa sababu ya kuchochea. Hakumgusa hata mmoja wao. Ushahidi uliomkamata ulikuwa sauti yake mwenyewe.

Kulikuwa na wanawake wengine watatu ambao majaji waliamini kabisa kwamba walibakwa. Hata hivyo hawakuona uzi unaounganisha vitendo hivyo na maneno ya meya, na rufaa haikuligeuza hilo. Mmoja wao alikuwa Mhutu aliyeolewa na Mtutsi. Mahakama ikajiuliza: ikiwa shambulio lilikuwa dhidi ya Watutsi, mwanamke Mhutu ataingiaje? Jibu lake lilikuwa kwamba kupitia kwake aliyelengwa ni mumewe. Kisheria jibu hilo lilimfaa, lilimwingiza ndani ya maana ya jinai dhidi ya ubinadamu. Lakini tazama lilivyompitisha: mwili ni wake, maumivu ni yake, na mbele ya sheria anasimama kama njia ya kumfikia mwanamume mwingine. Washambuliaji walikuwa wamemwona hivyo hivyo.

Kwa yote hayo adhabu ya kwanza ilikuwa miaka 30. Inafaa kukumbuka kwamba katika nchi ambamo hukumu ilisomwa, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikuwa imeweka miaka 30 kuwa kima cha chini kabisa kwa mtu mzima aliyebaka mtu mmoja.

Pande zote mbili zilikata rufaa, na katika rufaa ya mwendesha mashtaka ndimo walimokuwamo wapangaji wawili.

Gacumbitsi alikuwa na nyumba ya kupangisha, na humo walikaa wanawake wawili wa Kitutsi. Hawakuwa washindani wake wa siasa wala hawakuwa na silaha. Walikuwa watu wanaolipa kodi ya nyumba. Mauaji yalipokwisha kuanza katika komyuni, mwenye nyumba aliwatoa. Usiku huo huo wakauawa.

Hapa pana fumbo ambalo lingemtia Bwana Msa kiko mdomoni kwa muda mrefu. Nani aliwaua? Meya hakuonekana na panga juu yao. Haikuthibitishwa kwamba alimwagiza fulani au fulani awafuate. Kutoa mpangaji si jinai. Wenye nyumba hufanya hivyo kila mwezi, Unguja na kwingineko. Majaji wa kwanza walikiri kwamba alijua, kwa kuwatoa, anawaweka katika hatari ya kushambuliwa. Juu ya hivyo, katika shtaka la kuua walimwachia huru. Walipima kila jambo kwa mizani ya mkono ulioshika silaha au ulimi ulioamuru, na wanawake wale walikuwa wameuawa kwa njia ya tatu.

Mtetezi wa meya alikuwa na hoja nyingine, nayo haikuwa ya kipuuzi: hati ya mashtaka ilisema kwamba mteja wake aliwaua, wala haikusema kwamba aliwatoa nje wakauawa na wengine. Mshtakiwa ana haki ya kujua analoshtakiwa. Juu ya hoja hii majaji wa rufaa hawakuwa na kauli moja. Walio wengi waliona kwamba kasoro hiyo ilikwisha kuponywa mapema, kwa kuwa muhtasari wa ushahidi aliopewa mshtakiwa kabla ya kesi ulimweleza kisa cha wapangaji kama kilivyokuwa. Msomaji anaweza kuegemea upande wowote katika hilo bila ya kuwa adui wa haki.

Lakini juu ya kiini cha jambo, rufaa ilisoma tena yale yale waliyoyasoma majaji wa kwanza, ikauliza swali dogo zaidi: mtu huyu alijua nini alipofungua mlango? Alikuwa meya. Alijua nani wako njiani na wamebeba nini, maana silaha alikuwa amezipokea yeye na maneno alikuwa ameyasema yeye. Alijua kwamba kwa Mtutsi, usiku ule, kuta nne za nyumba ya meya ndizo zilizokuwa kinga, na kwamba nje ya kuta hizo hapana kitu. Kuwatoa kulikuwa kuwapeleka. Akahesabiwa kuwa alisaidia na kurahisisha mauaji yao.

Rufaa hiyo hiyo iliamua jambo la wanawake wote. Mwendesha mashtaka alitaka itamkwe kwamba katika mauaji ya kimbari haifai hata kuuliza iwapo mwanamke aliridhia. Majaji hawakufika huko. Walibakisha kutoridhia kuwa sehemu ya maana ya ubakaji, ila walisema si lazima kuonyesha kwamba mwanamke alisema hapana au alipigana: mazingira ya kulazimishwa yanatosha kusema kwa niaba yake. Kwa mashahidi waliokuwa wakiulizwa na mawakili kama walipiga kelele, kauli hiyo ilikuwa na thamani.

Rufaa iliamuliwa tarehe 7 Julai 2006. Miaka 30 ikafutwa na kifungo cha maisha kikawekwa badala yake. Makosa ya kuua wapangaji wawili, ambayo hapo awali hayakuwamo katika hesabu, sasa yaliingizwa, miaka kumi na miwili na karibu miezi mitatu tangu usiku waliotolewa nyumbani.